Kijiji Kisichoruhusiwa Kutoza Kodi Kitachangia Nini? Funzo la Alaska

Tangu mabaki ya kimbunga Halong yalipoipiga pwani ya magharibi ya Alaska usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 2025, mjadala wa Marekani kuhusu vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok umekuwa ukizunguka jambo moja. Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo lilikuwa limeipa Kipnuk ruzuku ya dola milioni 20 ili kuzuia mmomonyoko wa ukingo wa mto, kisha likaifuta mwezi Mei mwaka huohuo. Miezi mitano baadaye maji yalipanda, nyumba zikang'oka kwenye nguzo zake na kuelea zikiwa na watu ndani, na zaidi ya watu 1,000 wakahamishwa, wengi wao kwa ndege za kijeshi hadi Anchorage, mji mkubwa kuliko yote wa Alaska. Wapinzani wa Rais Trump wanasema kufutwa kwa ruzuku ile ndicho chanzo cha masaibu. Watetezi wake wanajibu kwamba fedha zile zingesombwa na mto, na ni kweli kwamba hata ruzuku ingebaki, kazi isingekamilika kabla ya dhoruba. Kila upande unazungumza kana kwamba swali zima ni kama fedha zilitolewa au zilinyimwa.

Nadhani pande zote mbili zimelielewa jambo hili visivyo. Ruzuku iliyofutwa ilikuwa na sifa moja ambayo haikutajwa sana: ilikuwa miongoni mwa chache zisizomdai mwombaji atoe sehemu ya gharama kutoka mfukoni mwake. Fedha nyingi za serikali kuu ya Marekani kwa ajili ya barabara, maji, umeme na kuta za kuzuia mmomonyoko huja na sharti hilo, ambalo hapa nitaliita mchango wa mwenyeji: serikali kuu hutoa asilimia 75 au 80 au 90, na mwenye mradi hutafuta zilizobaki. Kwa mji wenye maduka, viwanda na nyumba zinazolipa kodi ya majengo, sharti hili ni kipimo cha nia. Kwa kijiji cha Wayup'ik, wenyeji wa asili wa Alaska, chenye watu 700, kisicho na barabara ya kukiunganisha na mji wowote, sharti hilohilo hupima utajiri na kuuita nia. Hilo ndilo tatizo lililokuwepo kabla ya Trump, na litabaki baada yake hata kama kila ruzuku iliyofutwa itarudishwa.

Ili kuona jinsi mambo yalivyofika hapa, inabidi kurudi mwaka 1916, Rais Woodrow Wilson alipotia saini sheria ya kwanza ya serikali kuu kusaidia majimbo kujenga barabara. Mgawanyo ulikuwa nusu kwa nusu, na mantiki yake ilieleweka kwa urahisi: jimbo likiweka dola moja yake mezani, litachagua barabara inayohitajika na kumkagua mkandarasi kwa macho mawili. Mantiki hiyo ilijengwa juu ya dhana kwamba anayechangia ni serikali yenye mamlaka ya kutoza kodi. Sheria ya barabara kuu za kitaifa ya mwaka 1956 ilipandisha sehemu ya serikali kuu hadi asilimia 90, na ikaongeza hadi 95 kwa majimbo ambayo sehemu kubwa ya ardhi yao inamilikiwa na serikali kuu yenyewe na hivyo haitozwi kodi. Ndiyo sababu Alaska hadi leo hulipiwa zaidi ya asilimia 90 ya gharama za barabara nyingi, na za viwanja vya ndege vilevile. Kwa maneno mengine, Kongresi ilikwisha kukiri zamani kwamba asilimia ya mchango lazima ifuate uwezo wa kutoza kodi. Ilikiri hivyo kwa majimbo. Kwa vijiji, imekuwa ikikiri kwa kigugumizi.

Mwaka 2005 Kongresi iliruhusu Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kulipa gharama yote ya kulinda vijiji vya Alaska dhidi ya mmomonyoko, ikiwa ni pamoja na kuvihamisha. Mwaka 2009 ikaifuta ruhusa hiyo, na iliyofuata ikarudisha mgawanyo wa gharama, ambapo sehemu ya mwenyeji katika ujenzi ilikuwa asilimia 35. Wakati huohuo ripoti zilikuwa zikirundikana: ya mwaka 2003 ya wakaguzi wa Kongresi ilisema vijiji 184 kati ya 213 vya wenyeji wa asili wa Alaska vinakumbwa na mafuriko na mmomonyoko kwa kiwango fulani, ya mwaka 2022 ikasema zaidi ya 70 viko katika hatari kubwa, na ikautaja mchango wa mwenyeji kuwa miongoni mwa vizuizi vinavyovikwamisha. Asilimia 35 ya ukuta wa mamilioni ya dola haichangwi kwa kupitisha kofia kanisani.

Swali la msingi, basi, ni kwa nini vijiji hivi havina fedha zake. Jibu la haraka ni umaskini, lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu umaskini huu una historia ya kisheria. Kwa sheria ya mwaka 1971 iliyomaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa asili wa Alaska, takriban ekari milioni 44 na dola milioni 962.5 zilikwenda kwa kampuni zilizoundwa kwa ajili hiyo, wenyeji wakiwa wanahisa, badala ya kwenda kwa serikali za makabila. Vijiji vingi, Kipnuk na Kwigillingok vikiwemo, viko katika eneo kubwa la Alaska lisilo na serikali ya wilaya, na vyenyewe havijasajiliwa kuwa manispaa. Vinaendeshwa na mabaraza ya kabila. Watu wanaishi kwa samaki, sili, ndege na matunda ya porini, yaani kwa utajiri ambao hauna risiti. Halafu kuna kesi ya kijiji cha Venetie, ambayo kila anayetaka kuhubiri kuhusu vijiji kujitegemea angepaswa kuisoma kwanza. Katika miaka ya 1980 jimbo la Alaska lilimpa mkandarasi binafsi kazi ya kujenga shule katika kijiji hicho cha Wagwich'in kilicho kaskazini ya mbali. Serikali ya kabila, iliyokuwa ikimiliki ekari zipatazo milioni 1.8, ilimtoza mkandarasi kodi ya biashara, jumla yake ikiwa kama dola 161,000. Ilikuwa inafanya kile hasa ambacho nadharia ya mchango wa mwenyeji inakitaka: kuugeuza mradi unaojengwa kijijini uwe chanzo cha mapato ya kijiji. Jimbo lilipinga, kesi ikapanda ngazi, na mwezi Februari 1998 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba tangu sheria ya 1971, ardhi ile si ardhi ya kikabila kwa maana inayoipa serikali ya kabila mamlaka ya kumtoza kodi mtu wa nje. Anayeambiwa leo "changia kidogo tuone nia yako" ni mtu ambaye jana alikatazwa na mahakama kukusanya cha kuchangia.

Watetezi wa sharti hili husema kwamba mchango si lazima uwe fedha taslimu. Kanuni za ruzuku zinaruhusu kazi za mikono, ardhi na matumizi ya mitambo vihesabiwe. Ni kweli. Msomaji wa Kiswahili anaijua dhana hiyo vizuri kuliko wabunge wengi wa Washington, maana kwetu nguvu za wananchi ni jambo la kawaida: kijiji kinainua boma la darasa, serikali inaleta bati. Nikiwa mtoto nilisomba mawe ya msingi wa zahanati kutoka korongoni, na hakuna aliyeandika popote kwamba yalikuwa mangapi. Huko Alaska yangelazimika kuandikwa. Kazi ya kujitolea huthaminiwa kwa kiwango cha mshahara wa kazi kama hiyo, saa kwa saa, kwa kumbukumbu za namna ileile inayotumika kwa wafanyakazi wa kuajiriwa. Tingatinga la kijiji lihesabiwe kwa saa zake, ardhi kwa tathmini inayokubalika. Kazi hiyo yote huangukia kwa mtu mmoja au wawili katika ofisi ya kijiji, ambao pia ndio wanaopokea simu za kliniki na kufuatilia mafuta ya jenereta. Mawe yapo na mikono ipo. Kinachokosekana ni karani wa kuyahesabu, na karani huyo kwa kawaida hagharimiwi na mtu yeyote mpaka ruzuku iwe imeshapatikana.

Katika pengo hili ndipo ilipoingia Tume ya Denali, wakala mdogo wa serikali kuu wenye makao Anchorage, ulioundwa na Kongresi mwaka 1998, mwaka uleule wa hukumu ya Venetie, kwa juhudi za Seneta Ted Stevens wa Alaska. Tume ilijenga matangi ya mafuta, mitambo ya umeme na kliniki katika vijiji visivyofikika kwa barabara. Yenyewe inafuata utaratibu wa ngazi mbili: pale inapokuwa mfadhili mkuu hulipa hadi asilimia 80 ya ujenzi katika jamii zilizo taabani kiuchumi, na isizidi 50 kwa zilizo na nafuu. Lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni kifungu kinachoruhusu fedha za Tume zilipe mchango wa mwenyeji katika ruzuku za idara nyingine za serikali kuu, sharti lolote la kawaida lisizuie. Sheria kubwa ya miundombinu ya mwaka 2021 iliitengea Tume dola milioni 75, na tangu hapo kifungu hicho kimekuwa na uzito usio mdogo: dola moja ya Tume inaweza kufungua mlango wa dola nne au tisa za idara nyingine.

Wakosoaji wanakiita kiini macho. Mfuko wa kulia, wanasema, unauchangia mfuko wa kushoto wa suruali ileile, na mwisho wa yote serikali kuu imelipa kila kitu huku ikijidanganya kwamba kuna mwenza. Hoja hii inasikika vizuri redioni, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwanza, si uvumbuzi wa Alaska. Sheria ya mwaka 1965 ya kuendeleza ukanda wa milima ya Appalachia iliweka fungu maalumu la kuongezea ruzuku za idara nyingine pale ambapo wilaya maskini zilishindwa kutoa sehemu yao, na hakuna aliyeona kwamba wachimba makaa wa West Virginia wameghushi kitu. Sheria inayoyapa makabila haki ya kuendesha huduma zao za afya nayo inatamka kwamba fedha wanazopokea kwa mikataba hiyo zihesabiwe kama si za serikali kuu linapokuja suala la mchango. Kongresi imekuwa ikilijua jambo hili na kulitungia sheria kwa miongo sita. Pili, na hili ni zito zaidi, mchango wa mwenyeji haukuwekwa ili kuokoa fedha za serikali kuu peke yake. Uliwekwa ili pawepo jicho la pili juu ya mradi. Tume inapoamua kutumia fungu lake dogo kuchangia ukuta wa kijiji kimoja badala ya kingine, jicho hilo lipo, na tena ni jicho la watu wanaoishi Alaska na wanaojua tofauti ya mto unaokula ukingo kwa mita moja kwa mwaka na unaokula kwa mita ishirini.

Pia tusisahau kwamba sharti la mchango halijawahi kuwa kinga dhidi ya ubadhirifu kama linavyosifiwa. Daraja ambalo Wamarekani wengi hulikumbuka wakisikia Alaska na fedha za serikali kuu, lile la kuunganisha mji wa Ketchikan na kisiwa cha Gravina chenye wakazi wapatao 50, lilitengewa zaidi ya dola milioni 220 mwaka 2005 kwa kupitia jimbo lenye uwezo kamili wa kuchangia sehemu yake. Kilicholizuia ni kelele za umma, wala si mahesabu ya mchangiaji, na barabara ya kuelekea daraja hilo ikajengwa kisiwani hata hivyo. Mwenye fedha za kuchangia anaweza kuchangia upuuzi.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nyingine kabisa, na watetezi wa vijiji huipita mbio. Alaska si jimbo maskini. Ina mfuko wa kudumu wa mapato ya mafuta wenye zaidi ya dola bilioni 80, haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi tangu mwaka 1980, haina kodi ya mauzo ya jimbo, na kila mwaka humpa kila mkazi anayestahili gawio, ambalo mwaka 2022 lilifika dola 3,284. Mkulima wa Mississippi anayelipa kodi ya mapato kwa jimbo lake na kwa serikali kuu ana haki ya kuuliza kwa nini ampunguzie mzigo jirani anayepokea hundi. Sioni jibu la kumkatisha tamaa mkulima huyo, na sidhani inafaa kulitafuta. Ila hoja yake, ikifuatwa hadi mwisho, haisemi kwamba Kipnuk ichangie; inasema kwamba Juneau, yaani makao makuu ya serikali ya jimbo, ichangie. Na kwa maji safi utaratibu huo upo tayari: katika mpango wa serikali kuu wa maji na usafi kwa vijiji vya Alaska, robo ya gharama hutolewa na jimbo, na kijiji hakiombwi kugawana ujenzi kwa asilimia ambayo hakina. Mpango huo una foleni yake na lawama zake, lakini haujawahi kukwama kwa sababu bibi wa Kwigillingok hakuuza samaki wa kutosha. Jimbo lililoweza kubuni mfumo huo kwa mabomba linaweza kuubuni kwa kuta za mto na kwa kuhamisha vijiji. Halijafanya hivyo kwa sababu hakuna sheria inayolilazimisha, na kila dola inayowekwa akiba kwa ajili ya mchango hutoka katika bajeti ileile inayogombaniwa na gawio, ambalo ndilo jambo linalowatia wanasiasa wa jimbo hilo jasho kila mwaka.

Lakini wanaoshangilia kifungu cha Denali nao wanakosea wakidhani kwamba mchango ukishalipwa na mwingine, kijiji kimevuka. Gharama ya kujenga ni ya mara moja, ya kuendesha haina mwisho. Kwenye ardhi iliyoganda chini kwa chini, mabomba mara nyingi hupitishwa juu ya ardhi ndani ya vifuko vya kuyahifadhi joto, na maji lazima yazungushwe na kupashwa moto majira yote ya baridi. Jenereta ikizimika Januari na fundi akawa yuko mji wa Bethel kwenye matibabu, mtandao mzima unaweza kuganda na kupasuka kabla hajarudi. Fedha kubwa za sheria ya 2021, zikiwemo dola bilioni 3.5 za maji na usafi kupitia idara ya afya ya wenyeji wa asili, ni za ujenzi. Anayelipa dizeli na mshahara wa fundi ni mteja wa kijijini. Kwa umeme, jimbo lina mfuko unaopunguza bei kwa kaya za vijijini ili isiwe mbali sana na ile ya Anchorage, lakini hakuna mfuko wa ukubwa huo kwa maji. Ndiyo maana kuna kaya ambazo bomba limefika mlangoni na bado zinahesabu lita. Vijiji vipatavyo 30 havijafika hata hapo, na choo bado ni ndoo inayobebwa kwa mkono na kumwagwa nje ya makazi.

Kama lengo la mchango wa mwenyeji ni kupima nia, hapa kwenye uendeshaji ndipo pa kuipima. Alaska inao mwanzo wa kipimo hicho: idara zinazosimamia maji hukipa kila kijiji alama kwa kuangalia kama kina fundi mwenye cheti, kama mtambo unafanyiwa matengenezo kwa ratiba, kama vitabu vya hesabu vimefungwa na ankara zinakusanywa. Kijiji kisicho na dola moja ya ziada kinaweza kufanya vizuri hapo, na mji wenye fedha unaweza kufanya vibaya. Hata kipimo hiki kina upofu wake, kwa kuwa kijiji ambacho hakijawahi kuwa na bomba hakiwezi kuonyesha jinsi kinavyolitunza, na kinahitaji kupewa fundi na mafunzo kabla ya kupewa alama. Hata hivyo kinauliza swali ambalo jibu lake linahusu mradi. Asilimia 35 inauliza swali kuhusu historia ya ardhi.

Jambo moja katika mpangilio wa sasa ni gumu kulitetea kwa mantiki yoyote. Mpango mkuu wa serikali kuu wa kujikinga kabla ya maafa, uliotangazwa kufutwa Aprili 2025 na ambao majimbo yaliukimbilia mahakamani, ulidai mchango wa asilimia 25, au 10 kwa jamii ndogo zilizo maskini. Dhoruba inapokwisha kupiga, rais anaweza kuondoa mchango huo kwa kalamu: baada ya kimbunga Merbok kuipiga pwani hiyohiyo Septemba 2022, serikali kuu ilibeba asilimia 100 ya gharama za dharura kwa siku 30. Kijiji kile kile ambacho hakikuaminiwa kwa sababu hakikuwa na asilimia 10 ya kuzuia mafuriko kinaaminiwa bila senti moja mara tu nyumba zikishaelea. Wizara ya fedha ya nchi yoyote ingeona kwamba njia hii ndiyo yenye gharama kubwa zaidi.

Kijiji cha Newtok, kingine cha pwani hiyo, kinaonyesha inavyokuwa pale njia ya kabla ya maafa inapofuatwa hadi mwisho chini ya kanuni hizi. Wakazi wake walipata ardhi mpya ya Mertarvik, ng'ambo ya mto Ninglick, kwa sheria ya kubadilishana ardhi na serikali kuu mwaka 2003. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2019, za mwisho mwaka 2024. Miaka hiyo 21 kwa kiasi kikubwa ilitumika kuunganisha viraka vya ruzuku, kila idara ikiwa na fomu yake, tarehe yake ya mwisho na mchango wake, na kiraka kimoja kikiisha muda wake huku kingine kikisubiriwa. Wakazi wa Kipnuk waliotawanyika Anchorage baada ya dhoruba walilazimika kujadili kama warudi palepale au wahamie ardhi ya juu zaidi, na uamuzi wowote ule huingia katika kalenda ileile. Mwaka wa fedha wa jimbo huanza Julai 1. Mwaka wa fedha wa serikali kuu huanza Oktoba 1, wakati mito ya pwani hiyo ikiwa karibu kuganda. Saruji, nguzo na mabati huja kwa tishari wakati wa kiangazi, na lililokosa kupakiwa mwaka huu husubiri barafu iyeyuke mwaka ujao. Mchango ulioidhinishwa Juneau mwezi Juni, ukioanishwa na ruzuku iliyoidhinishwa Washington mwezi Novemba, hununua vifaa vitakavyofika kijijini kiangazi kinachofuata, na hiyo ni ikiwa kila saini imepatikana kwa wakati.